Sukari ya mke wangu inalala 5.8, inaamka 6.6, na mama anasema anakula kwa siri

#1 BabaNuru_Kijichi
Wakuu heshima. Naombeni akili zenu maana nyumbani kwangu kumeanza kuwa mahakama.

Mke wangu ana mimba ya wiki 30. Wiki ya 26 kliniki walimnywesha yale maji ya glukosi gramu 75, wakampima mara tatu, wakasema ni kisukari cha mimba. Akapewa vidonge vya metformini vya kushusha sukari na karatasi ya vyakula, tukanunua na mashine ya kupimia nyumbani. Mchana yuko vizuri. Saa mbili baada ya kula anasoma 6.1, 6.4, siku mbaya 6.9. Usiku 5.8 hivi. Akiamka, hajatia kitu mdomoni, 6.4, 6.6, jana 6.7. Daktari anataka asubuhi iwe chini ya 5.3.

Mama yangu amekuja kutoka Singida kutusaidia na mtoto, tuna binti wa miaka miwili na miezi minne. Yeye keshatoa hukumu: "Huyo anakula usiku. Sukari haitoki hewani." Mke analia. Mimi nikilala nimelala, siwezi kuwa shahidi wa mtu.

Swali: sukari inaweza kupanda yenyewe mtu akiwa usingizini? Waje wenye uzoefu, siyo wa kunitania.

#2 Kifaurongo
Umekataza utani ukiwa umekaa katikati ya wataniaji. Natandika mkeka hapa, wajuzi wanakuja.

#3 Mama_Mapacha_Moro
Pole kwa shemeji yangu. Mimi mimba ya pili ilikuwa hivyo hivyo, mchana safi, asubuhi inagoma. Mama mkwe alifikia hatua ya kufungia maandazi kabatini na funguo akalala nayo. Asubuhi nikapima, 6.5. Akanitazama kama mchawi.

Mpe mkeo pole, na umwambie mama kwamba hili lipo.

#4 Nesi_wa_Zamu
Mama yuko sahihi kwamba sukari haitoki hewani. Inatoka kwenye ini.

Mtu akikaa usiku kucha bila kula, ini ndilo linaloachia sukari kidogo kidogo ili ubongo usikose. Kuanzia kama saa 9 usiku mwili unaanza kutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, kotisoli na homoni ya ukuaji, na hizo zinaliamuru ini liongeze. Asiye na tatizo, kongosho lake linatoa insulini ya kutosha na wala hajui kama kuna kitu kimetokea. Kwa mjamzito kuna la ziada. Kondo la nyuma nalo lina homoni zake zinazoifanya insulini ya mama isifanye kazi inavyotakiwa, na jambo hilo linazidi kadiri mimba inavyokua. Kwa hiyo ndiyo, inaweza kupanda amelala, hajagusa sufuria.

#5 Babu_wa_Tandika
Sasa nesi, mama zetu walizaa kumi kumi bila mashine wala daftari. Haya mambo yalikuwa wapi?

#6 Mama_Mapacha_Moro
Yalikuwepo babu, hakuna aliyepima. Katika hao kumi kulikuwa na wa kilo nne na nusu, kulikuwa na aliyefia mlangoni, na watu wakasema ni jicho.

#7 BabaNuru_Kijichi
Nesi shukrani. Nimemsomea mke, kasema "mpe huyo dada soda". Ila hapo kwenye kilo mmenigusa. Nuru alizaliwa na kilo 4.3. Mama mpaka leo akikutana na watu anawatajia hizo kilo kabla ya jina la mtoto.

#8 Nesi_wa_Zamu
Soda tena jamani.

Mkuu, hiyo 4.3 ni taarifa. Mama aliyewahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na zaidi huwa tunamwangalia kwa karibu mimba inayofuata. Sukari ya mama inavuka kondo na kumfikia mtoto, insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo kongosho la mtoto linalazimika kutengeneza insulini yake nyingi, na insulini ni homoni ya kunenepesha. Mtoto anajaa mabega na tumbo. Kichwa kinatoka, bega linakwama, na hapo ndipo jasho linapotutoka wodini. Na akishazaliwa, kitovu kikikatwa, ile sukari ya bure inakoma ila insulini yake bado ipo juu, hivyo yake inaweza kushuka ghafla. Ndiyo maana watoto hawa tunawatoboa kisigino mapema na tunataka wanyonye ndani ya saa ya kwanza. Usikubali mtoto aoshwe na kupigwa picha kwanza.

#9 Mhasibu_Mstaafu
Naomba nitie neno kama mtu wa hesabu. Mashine za nyumbani zina uvumilivu wa makosa. Kiwango cha kimataifa, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu usomaji utofautiane na maabara kwa asilimia 15 juu au chini pale sukari inapokuwa 5.6 na kuendelea. Sasa chukua 5.8, ongeza asilimia 15. Unapata 6.67.

Maana yake 5.8 ya usiku na 6.6 ya asubuhi zinaweza kuwa sukari ile ile. Mnagombana na mama kwa sababu ya kosa la mashine.

#10 Fundi_Redio
Mhasibu hesabu yako ni sawa, hitimisho ndilo sikubali. Kosa la kubahatisha lingekwenda huku na huku. Leo asubuhi juu, kesho asubuhi chini. Hapa kila asubuhi iko juu. Mashine haijui ni saa ngapi.

#11 Mhasibu_Mstaafu
Haijui saa, lakini inajua baridi na joto. Stripu, vile vijiti vya kupimia, zikikaa juu ya friji au karibu na jiko zinaharibika. Je, kopo linafungwa vizuri? Tarehe imepita? Wengine wananunua zilizopunguzwa bei pale mjini, kumbe zinakaribia kufa.

#12 MwanaMvita
Salamu kutoka Mombasa. Mie naona mwaenda mbali. Muulizeni huyo mama mtoto: asubuhi kabla ya kujipima afanya nini? Maana mie na mwanangu, la kwanza akiamka ni ndizi, au embe kama ni msimu. Namenya, namlisha, mikono yanata, ndipo nakumbuka kupima. Siku moja ikanipa 11 na ushei. Nikaosha mikono kwa sabuni, nikapima tena kidole kingine: 5.2. Sukari ilikuwa ya embe, si yangu.

#13 Nesi_wa_Zamu
MwanaMvita katoa dhahabu. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Tone la kwanza likileta shaka, futa upime la pili. Na huyo anayepaka spiriti aache kidole kikauke.

#14 DadaWaTanga
Mie swali langu ni kwa baba mwenyewe. Unaingia nyumbani saa ngapi?

#15 BabaNuru_Kijichi
Nauza spea za pikipiki Kariakoo. Nafunga saa moja, foleni ya Mbagala mnaijua. Mara nyingi saa tatu na nusu, saa nne. Kwa nini?

#16 DadaWaTanga
Na mkeo anakula saa ngapi?

#17 BabaNuru_Kijichi
Ananisubiri. Tunakula pamoja.

#18 DadaWaTanga
Na hiyo 5.8 ya usiku anapima kabla au baada ya kula?

#19 BabaNuru_Kijichi
Nimemuuliza. Anapima saa mbili usiku akishamlaza mtoto, maana baada ya kula anasinzia hapo hapo kwenye kochi.

#20 Kifaurongo
Mahakama imepata mshitakiwa mpya. Simama, mshitakiwa, taja majina yako matatu.

#21 DadaWaTanga
Ndiyo hayo. Anapima saa mbili na njaa yake, halafu saa nne anakula wali na mwanamume, anaangukia kochi. Hiyo 5.8 si ya kulalia hata kidogo. Chakula cha saa nne ndicho kinachoamka asubuhi. Mama mkwe alikuwa nusu sahihi: anakula usiku, ila anakula na wewe mbele ya macho yako.

#22 Babu_wa_Tandika
Tanga hoyee! Lakini mwanamke kumsubiri mume ale naye ni heshima, msije mkaivunja kwa ajili ya mashine.

#23 Mama_Mapacha_Moro
Babu heshima ipo. Ale saa moja na mtoto, saa nne akae na mumewe amsimulie ya Kariakoo huku yeye akinywa maji. Mumewe hatakufa kwa kula peke yake.

#24 TibaAsilia_Ya_Bibi
Kisukari kinatibika kabisa ndani ya siku 21. Mizizi mitatu, mlonge na mdalasini wa asili. Wajawazito wanaruhusiwa. Njoo faragha.

#25 Kifaurongo
Njoo wewe hadharani. Hiyo mizizi mitatu ina majina?

#26 Nesi_wa_Zamu
Wajawazito hawaruhusiwi. Anayempa mjamzito mizizi asiyoitaja jina asije kunitafuta wodini. Msimamizi, huyu.

#27 Kijana_wa_Houston
Habari za nyumbani. Mke wangu naye kagundulika hivyo hivyo, lakini mnanitisha na hizi namba zenu. Yeye asubuhi anasoma 98 na daktari kasema amezidi kidogo tu. Nyinyi mnalia na 6.6?

#28 Babu_wa_Tandika
98?! Huyo yuko hospitali au yuko mbinguni?

#29 Fundi_Redio
Tulieni. Marekani wanapima kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita. Gawanya kwa 18. Yaani 98 ni kama 5.4. Mpaka wa 5.3 tunaousema hapa ndio wao wanauita 95. Kwa hiyo mke wa Houston yuko afadhali kuliko wa Kijichi.

#30 Kijana_wa_Houston
Ahsante fundi. Nilikuwa nataka kumpigia mama usiku huu huu.

#31 Tangu_Kidato_cha_Pili
Nimesoma wote nikaona nichangie, maana mimi nina kisukari cha aina ya kwanza. Nimeishi na insulini tangu kidato cha pili, sasa nina mimba ya pili na mtoto wa miaka mitatu, tuko Mwanza.

Kwanza, mimi *nakula* usiku na sijifichi. Mwanzoni mwa mimba sukari yangu ilikuwa inashuka vibaya usiku wa manane, miezi mitatu ya kwanza insulini inaweza kuzidi mahitaji. Nikishuka chini ya 3.9 sina mjadala na mtu: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nasubiri dakika 15, napima tena, bado iko chini narudia. Chokoleti na maziwa hazifai kwa dharura, mafuta yanachelewesha.

Mwanangu anajua. Nikianza kutokwa jasho na kuongea ovyo anakwenda kuleta kopo la sukari. Tatizo anataka gawio. Amefikia kuniuliza "mama, leo hutetemeki?" kwa sababu akiona natetemeka naye analamba kijiko. Mume wangu amelijaribu kila namna, mtoto haelewi kwamba ni dawa. Na kwake si dawa kweli, ni sukari.

Pili, sindano. Mwenye mtoto mdogo asiache vile vitoboleo kwenye beseni la dressing table. Mimi natumia chupa ngumu ya dawa ya kufulia, ile yenye kifuniko cha kuzungusha, nikiijaza naipeleka kituo cha afya wakachome. Kwenye jalala kuna mtu anaokota chupa.

Tatu, nadharia yangu kuhusu mke wa Kijichi: huenda usiku anashuka sana akiwa usingizini, mwili unashituka, ini linamwaga sukari, asubuhi anaamka juu. Kwangu niliwahi kuambiwa hivyo. Ampime saa 9 usiku muone.

#32 Nesi_wa_Zamu
Dada wa Mwanza hongera, nimekuelewa sana. Kwenye la tatu nikupinge kidogo. Hiyo ya kushuka halafu kurudi juu hata mabingwa wanabishania kama hutokea mara nyingi kama tulivyofundishwa. Na huyu hatumii insulini, yuko kwenye metformini peke yake. Metformini kwa kawaida haiangushi sukari kiasi hicho. Ila kupima saa 9 usiku nakubali. Ikiwa chini kabisa, nadharia yako. Ikiwa ya katikati halafu asubuhi imepanda, homoni za alfajiri. Ikiwa juu tangu saa 9, basi ni wali wa saa nne.

#33 Tangu_Kidato_cha_Pili
Sawa, tusubiri namba.

#34 Mpenda_Dona
Wakati tunasubiri: anakula ugali gani? Maana sembe ni sukari tupu. Ahamie dona, au ulezi, au kiporo. Nimesoma kwamba ugali ukilala ukapoa wanga wake unabadilika, haumeng'enyeki haraka.

#35 MwanaMvita
Kiporo cha ugali sawa, lakini wali kiporo wa kulala nje ya friji huo mwamuua mtu kwa tumbo kabla ya kisukari.

#36 Nesi_wa_Zamu
Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu ya pumba. Kiporo kina ukweli wake, ila faida ni ndogo, usitegemee kikushushe kutoka 6.6. Ulezi watu wanauabudu bure. Uji wa ulezi uliosagwa laini na kuchemshwa sana unapandisha haraka kama uji mwingine, halafu watu wanautilia sukari vijiko vinne kwa sababu "ni wa mgonjwa". Kikubwa ni kiasi. Tonge la ukubwa wa ngumi ya mkeo (siyo yako), nusu ya sahani mchicha au matembele, robo maharage, dagaa au samaki. Mboga ziliwe mwanzo. Akimaliza, atembee dakika kumi na tano, hata kama ni kuzunguka nyumba.

#37 Mama_Mapacha_Moro
Kutembea na mtoto wa miaka miwili hakuna haja ya kuambiwa. Huyo mtoto ndiye mazoezi.

Ila nesi, kuna kitu hamjakitaja: makombo. Mtoto anaacha uji nusu kikombe, mama anamalizia. Kipande cha chapati, ndizi nusu, biskuti iliyolowa mate. Hakuna mama anayeandika hayo kwenye daftari kwa sababu hayahesabu kama kula. Mimi siku niliyoamua kuyatia kwenye bakuli badala ya mdomoni, jioni nikaona bakuli zima.

#38 BabaNuru_Kijichi
Hapo mke kanyamaza kimya. Kisha akasema "huyo mama mapacha anakaa mtaa gani?"

#39 Kifaurongo
Hukumu ya mama mkwe inarudi kwa mlango wa nyuma.

#40 Mwalimu_wa_Kigoma
Naongeza jingine: usingizi. Mtoto wa miaka miwili bado anaamka usiku, mama mjamzito anakwenda haja ndogo kila saa, mama mkwe anakohoa chumba cha pili. Kukosa usingizi peke yake kunafanya insulini isifanye kazi vizuri. Mtoto wenu analala wapi?

#41 BabaNuru_Kijichi
Katikati yetu. Na anapiga mateke.

#42 Mwalimu_wa_Kigoma
Bibi yupo nyumba nzima, mjukuu alale na bibi. Bibi alikuja kusaidia au kupeleleza?

#43 BabaNuru_Kijichi
Namba hizi hapa wakuu. Nimeweka kengele, nimeamka mwenyewe.

Usiku wa kwanza: amekula saa moja na nusu na mtoto, mimi nimekula peke yangu. Saa tatu na nusu 6.3. Saa 9 usiku 5.5. Saa 12 asubuhi, mikono imeoshwa kwa sabuni mbele yangu, 6.5.

Usiku wa pili: saa tatu na nusu 6.0. Saa 9 usiku mtoto kaamka analia, mama yake kala nusu ndizi naye ndipo akapima (mikono imeoshwa), 6.2. Asubuhi 6.1.

Sasa nielewesheni. Siku aliyofunga kapanda, siku aliyokula ndizi kaamka chini?

#44 Nesi_wa_Zamu
Usiku wa kwanza ni homoni za alfajiri, 5.5 kwenda 6.5 bila chakula. Sibadilishi.

#45 Tangu_Kidato_cha_Pili
Na usiku wa pili ni ushahidi kwamba akila kidogo ini linatulia. Mimi daktari wangu alinipa kitafunwa cha kulalia, karanga kiganja kimoja au yai la kuchemsha. Kuna wanaosaidika.

#46 DadaWaTanga
Kuna ambao inawaongezea pia, mimi mmojawapo. Karanga zangu za saa nne zilinitoa 5.4 zikanipeleka 5.9. Nikaacha.

#47 Mhasibu_Mstaafu
Naona kila mmoja amechukua usiku unaomfaa. Tofauti ya 6.5 na 6.1 ni ndogo kuliko kosa la mashine nililolieleza #9. Ukiniuliza mimi, hamna mnachokijua bado. Pimeni wiki nzima kwa mpangilio ule ule, kisha chukueni wastani.

#48 Fundi_Redio
Hapa nakubaliana na mzee, na inaniuma. Ila wastani wa asubuhi zote alizotaja bado uko juu ya 6. Chanzo tubishanie, lakini daktari anaangalia 5.3 na huyu hajafika.

#49 Babu_wa_Tandika
Ina maana atachomwa insulini? Hapo ndipo sikubaliani na hospitali. Ukianza insulini hutoki. Jirani yangu alianza, akakatwa mguu.

#50 Tangu_Kidato_cha_Pili
Babu, kwa heshima yote, mguu haukukatwa na insulini. Ulikatwa na miaka ya sukari kuwa juu kabla hajakubali insulini. Mimi nachoma tangu nikiwa na soksi za shule na miguu yangu yote miwili ipo, nimeihesabu.

#51 Nesi_wa_Zamu
Na kisukari cha mimba ni kingine kabisa. Wengi, kondo likishatoka, sukari inarudi mahali pake na sindano inasimamishwa wodini siku hiyo hiyo. Faida nyingine, insulini haimfikii mtoto, wakati metformini inavuka kondo. Ikiwa tatizo ni la asubuhi tu, mara nyingi wanampa ya kufanya kazi taratibu akiwa anakwenda kulala, kipimo kidogo. Kinachonipa hofu ni baadaye. Wiki ya 6 hadi ya 12 baada ya kujifungua anatakiwa arudie yale maji ya glukosi, kwa sababu aliyepata kisukari cha mimba ana hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina ya pili miaka ya mbele. Wengi wanapotelea hapo. Mtoto anaumwa tumbo, kadi imeishia kwa chanjo, mama anasahau kwamba naye alikuwa mgonjwa.

#52 MwanaMvita
Na huku kwetu hiyo wiki ya 6 mzazi yuko ndani bado anaingizwa uji wa pilipili manga na sukari guru, na mahamri asubuhi. Nani atakayemtoa arobaini haijaisha akapimwe sukari?

#53 Mama_Mapacha_Moro
Kwetu mtori. Mtori wenyewe si mbaya, ni ndizi na nyama, shida bakuli lake ni beseni.

#54 Kijana_wa_Houston
Mmenifanya nikumbuke mtori. Hapa ndizi mbichi zipo kwenye maduka ya Wamexico lakini haziivi laini kama za nyumbani.

#55 Mpenda_Dona
Hizo za Wamexico ni za kukaanga. Tafuta zile ndizi za kawaida zikiwa kijani kabisa, chemsha na nyama ya mifupa, ponda na mwiko.

#56 Tangu_Kidato_cha_Pili
Mkianza insulini nyumbani, isiyofunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, isigande. Iliyofunguliwa inakaa nje kama wiki nne ikiwa pasipo joto. Huko Dar na joto lenu na umeme wenu, wekeni chupa kwenye kifuko, kifuko kwenye chungu cha udongo, chungu ndani ya kingine kikubwa, katikati mchanga unaolowekwa maji, pembeni penye upepo. Mimi nilitumia hivyo umeme ulipokatika wiki nzima. Na msiweke kwenye mlango wa friji ambako mtoto anafikia. Wangu alishaipa mwanasesere wake "chanjo".

#57 BabaNuru_Kijichi
Wakuu kuna jipya. Mama kaona tunavyoamka usiku na tochi, leo asubuhi akasema "hebu nipimeni na mimi niwaonyeshe mtu anayekula vizuri". Imesoma 9.4. Kasema mashine imeharibika.

#58 Kifaurongo
MHASIBU UNAITWA.

#59 Mhasibu_Mstaafu
Asilimia 15 ya 9.4 ni 1.41. Hata ukipunguza yote inabaki karibu 8. Hapa sina utetezi.

#60 Nesi_wa_Zamu
Tulizeni furaha, si jambo la kushangilia. Alikuwa amekula?

#61 BabaNuru_Kijichi
Chai ya maziwa na chapati mbili, kama saa moja kabla.

#62 Nesi_wa_Zamu
Basi hiyo haitoi jibu. Kwa mtu asiye mjamzito, kipimo cha wakati wowote kinatutia wasiwasi kikifika 11.1 akiwa na dalili kama kiu na mkojo mwingi. Ya njaa ni 7.0. Apimwe asubuhi hajala, kisha aende kituoni akapimwe vizuri. Na naomba mniambie mlitumia kitoboleo kipya, siyo cha mkeo.

#63 BabaNuru_Kijichi
Kipya. Mke ndiye aliyemtoboa. Kwa umakini mkubwa sana.

#64 DadaWaTanga
Huo umakini naujua.

#65 Babu_wa_Tandika
Mimi kesho nakwenda kupima. Msimwambie mtu.

#66 Mgeni_Jukwaani
Samahani kuingilia. Mke wangu ana wiki 24. Kituo tunachokwenda wanapima mkojo tu, wanasema hauna sukari kwa hiyo hana haja ya hayo maji ya glukosi. Mama yake ana kisukari. Ni sawa?

#67 Nesi_wa_Zamu
Mkojo hautoshi. Sukari huanza kuonekana kwenye mkojo ikishapanda sana kwenye damu, kwa kawaida karibu 10, hivyo wa 6.6 kama mke wa Kijichi anapita bila kugunduliwa. Na mjamzito mwingine figo zake zinaachia sukari kwenye mkojo bila kuwa na kisukari. Mama mzazi akiwa nacho, aombe kipimo cha damu sasa, na cha maji ya glukosi kati ya wiki ya 24 na 28. Kituo chenu kama hakina, waombeni barua ya rufaa ya hospitali ya wilaya. Aende hajala tangu usiku, abebe chakula cha kula akimaliza, na mtoto kama mnaye abaki na mtu, maana ni saa mbili za kukaa kwenye benchi.